Wimbo wa Pili: Miaka Yangu ya Kuunguruma na Radi Kavu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni la kanisani. Sikuwa na nguo nyingine niliyoona inafaa kuanzia kazi, na mama alikuwa amenifundisha kwamba mtu haendi kwa mwajiri akiwa amevaa kama anakwenda kisimani. Ninyi vijana mnaoanza leo mna fulana nyeusi zenye mafuvu ya vichwa. Mimi niliingia kwenye muziki wa mauti, huu mnaouita deth meto, nikiwa na kola nyeupe ya kushonwa kwa mkono na viatu vya kuazima kwa shangazi.

Niseme kwanza nilivyoajiriwa. Sisi ni Wahaya, Walutheri, na wazazi walihamia Mwanza nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba alifariki mapema. Mama akabaki na biashara ya dagaa huko ufukweni karibu na Mkuyuni, nami nikawa sauti ya pili kwenye kwaya. Siku moja mama alinituma kwa fundi wa kuchomelea vyuma, Fundi Shabani, nikachukue jiko letu la mkaa lililokuwa limekaa kwake tangu Pasaka. Nikamkuta anasaga chuma kwa mashine, cheche zinaruka, hasikii salamu wala hodi. Niliita mara kadhaa, hasira zikanipanda, nikatoa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Ilitoka chini kabisa, nzito na chafu, kama gunia linaburutwa kwenye kokoto. Akazima mashine. Akavua miwani yake ya kazi.

"Binti," akasema, "hebu rudia. Hivyo hivyo ulivyonifokea."

"Nataka jiko letu, Fundi."

"Jiko utapata. Rudia kwanza."

Fundi Shabani alikuwa mtu wa mjini, kwao ni watu wa msikiti na ufundi tangu babu zao, na mikono yake haikushindwa kitu. Kuna mtu wa migodini aliyechomelesha mageti kwake, akamwachia kaseti za muziki ule. Wengine waliozisikia walisema mkanda umeharibika. Fundi alisema ile ndiyo sauti ya karakana yake, isipokuwa wenzetu wameipanga vizuri. Akaunda gitaa la umeme, akaunda amplifaya, akampata mpiga dramu aitwaye Odhiambo, mwashi aliyeweza kupiga kwa miguu yote miwili kwa kasi ya mvua kwenye bati. Bendi akaiita Radi Kavu, yaani ile radi inayounguruma bila kuleta tone. Mama aliposikia jina hilo alilisifu, kwa sababu mtu wa dagaa hapendi radi ya aina nyingine.

Basi siku hiyo ya kwanza, ukumbi wa harusi pale Mirongo ulijaa watu waliodhani ni bendi ya dansi. Mama alikaa mstari wa mbele na kitenge chake kipya. Tukaanza na wimbo wa kwanza. Hapa inabidi nieleze jambo la kikazi. Fundi Shabani alikuwa na sheria kwamba wimbo wa kwanza hauna maneno. Aliuita wimbo wa kufungua mlango. Kazi yake ni kupima mitambo: besi isimeze gitaa, spika isipige mluzi, mwimbaji apashe tumbo moto. Mimi nilitoa mngurumo tu, juu na chini, bila neno hata moja. Kwa msikilizaji asiyejua, ni dakika kadhaa za fisi ndani ya pipa.

Wimbo ulipoisha, nusu ya ukumbi ilikuwa imesimama. Mama naye akasimama, akaja hadi chini ya jukwaa, akanivuta ncha ya gauni kwa upole.

"Waitu, Koku," akanong'ona, kwa neno letu la Kihaya la kubembeleza. "Naenda kuangalia dagaa wangu. Wako juani."

Akaondoka na mkoba wake, akiwapa watu pole na samahani njiani. Nami nikaimba wimbo wa pili mbele ya viti vitupu.

Wimbo wa pili ulikuwa unamhusu yeye. Nilikuwa nimeutunga mwenyewe na ndio ulionipa kazi, maana Fundi alipousoma alikohoa na kuangalia pembeni. Wenzetu katika muziki huu huimba juu ya maiti na kuoza. Mimi niliimba juu ya mwanamke anayeanika dagaa kwenye miamba wakati wenzake wanaanika mchangani kwa sababu ni rahisi. Anayepanda jiwe na karai kichwani, asubuhi baada ya asubuhi, ili mtoto wa mtu asitafune mchanga. Kiitikio chake kilikuwa maneno matatu: hana mchanga, mama. Nilikuwa nimejiapia kwamba atausikia siku hiyo. Haikuwa siku hiyo.

Mkitaka kujua uchungu wenyewe, lazima mwelewe jinsi tulivyopanga maonyesho. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mbalamwezi ndiyo likizo ya wavuvi, na wavuvi ndio waliokuwa na moyo wa kusikiliza muziki kama wetu. Fundi Shabani alifuata mwezi kwa ibada zake, akajua kabisa utajaa lini, na kila onyesho letu aliliweka hapo. Sasa jiulize. Mbalamwezi hakuna dagaa. Miamba yote ya ufukweni inakuwa mitupu, mijusi tu wanaota jua. Lakini kila onyesho mama alikuja, akakaa mbele, akasikiliza wimbo wa kufungua mlango hadi mwisho, kisha akaja kunivuta gauni: "Naenda kuangalia dagaa wangu."

Watu wote wa ufukweni walijua hakuna dagaa. Mimi nilijua. Mama alijua kwamba najua. Tuliheshimiana hivyo kwa miaka mingi.

Mafunzo yangu rasmi niliyapata upande wa Bujora. Baada ya maonyesho machache nilianza kutema mate yenye damu, na Fundi akanipeleka huko kwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, Mzee Masanja, Msukuma mrefu, mwenye shingo nyembamba na sauti ya lori. Nilikaa kwake mavuno yote ya msimu ule. Vijana huniuliza mpaka leo kama koo linauma. Likiuma unafanya makosa. Mngurumo hautoki kwenye nyuzi za sauti zenyewe. Juu yake kuna nyama mbili laini, na hizo ndizo unazozitikisa, kwa pumzi ndogo inayosukumwa na tumbo. Mzee Masanja hakujua majina ya nyama hizo na hakuyahitaji. Alinipeleka zizini asubuhi, akanionyesha dume la ng'ombe lililokuwa likilia.

"Angalia. Linalia kwa shingo au kwa tumbo?"

"Tumbo, babu."

"Basi koo ni mlango tu. Mzigo uko tumboni. Kwa nini unabomoa mlango?"

Nikaweka mkono ubavuni mwa lile dume, nalo likautikisa mpaka begani. Siku hiyo ndiyo niliyopata cheo, ingawa hakuna aliyenipa barua.

Lakini fundisho kubwa la Mzee Masanja lilikuja kwenye mashindano. Wasukuma wana desturi yao baada ya mavuno: ngoma mbili zinashindana uwanja mmoja, wakati mmoja, moja huku na nyingine kule. Hakuna anayesubiri mwenzake amalize. Watu wako huru katikati, na mshindi ni yule ambaye watu wamesimama kwake. Siku ile wapinzani walileta chatu. Chatu mnene, amefungwa shingoni mwa mchezaji, ulimi nje. Uwanja wote ukamiminikia kule. Kwetu wakabaki akina mama wachache wenye watoto waliolala, na mbuzi. Mmoja wa wapiga ngoma wetu akaanza kupunga mikono, "Njooni! Njooni huku jamani!" Mzee Masanja akamshika mkono.

"Mtu haitwi abaki," akasema. "Ukimwita, miguu yake imeshaondoka. Fanya kazi yako mpaka asahau kwamba ana miguu."

Akainama, akaanza kuimba chini kabisa, taratibu, sauti inatambaa ardhini. Sikuamini nilichokiona. Mtu mmoja akageuza kichwa, kisha watatu, kisha kundi zima likaanza kurudi kinyumenyume, macho bado yako kwa chatu na miguu inakuja kwetu. Jioni Mzee alinipa mkono. "Wabeja, binti," akanishukuru, kana kwamba mimi ndiye niliyefanya kitu.

Ndiyo maana sikumwambia mama kamwe habari za wimbo wa pili. Fundi Shabani alinisihi. Odhiambo alijitolea kufunga mlango kwa nje. Hata kubadilisha mpangilio tulizungumzia, lakini Fundi alisema mitambo haina mama, lazima ipimwe, na kwa kweli mara moja tulipojaribu kuanza na maneno spika ilipiga mluzi ukaamsha mbwa wa mtaa mzima. Nami sikutaka abaki kwa kuombwa. Nilitaka asahau kwamba ana miguu.

Kutoka hapo nilifanya kazi katika vituo vingi. Ukerewe tulipiga kwenye uwanja wa mpira, wavuvi wakatingisha vichwa hadi kofia zikaisha vichwani. Musoma tulipendwa. Bukoba, kwetu, ndugu zangu walikuja kwa wingi wakiwa na nyuso za msibani, na mjomba mmoja mzee wa kanisa aliposikia mngurumo wangu akaanza kukemea pepo. Nilikuwa katikati ya wimbo, siwezi kusimama. Alikemea, nikaunguruma; akakemea zaidi, nikashuka chini zaidi. Watazamaji wakadhani ndivyo wimbo ulivyo na wakatupigia makofi sote wawili. Baadaye alikula ndizi na sisi nyuma ya jukwaa, akauliza kama kuna onyesho jingine kesho.

Siwezi kumsahau Afisa Utamaduni wa siku zile, mtu wa haki sana aliyependa kila kitu kiwe mahali pake. Tulimfuata kuomba kibali.

"Huu muziki ni wa aina gani? Dansi?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Injili? Taarabu?"

"Ni wa mauti, mheshimiwa," nikasema.

Akatuangalia kwa huruma. "Poleni sana. Nani amefariki?"

Tulipomwimbia kidogo pale pale ofisini, karani wake akaingia mbio na ndoo ya maji. Afisa akasema, "Nitawaweka na sarakasi." Tangu hapo, kila sherehe ya serikali tuliyoalikwa tulipiga baada ya watu wa kutembea juu ya kamba na kabla ya mla moto. Si kituo kibaya. Watazamaji wanakuwa wameshazoea kuogopa.

Niliolewa, nikazaa, nikaunguruma na mimba mbili. Mwanangu wa kwanza alilala vizuri tu nikifanya mazoezi, na akalia nikiimba nyimbo za kubembeleza. Nilipofikisha umri ambao watumishi wa serikali wanastaafu, nikaona na sisi ni watumishi. Koo lilikuwa bado zima, tumbo halina neno, ila magoti yalianza kunisema ninapopanda jukwaa. Nikamwambia Fundi Shabani. Naye alikuwa mzee, ndevu nyeupe, bado ana alama za cheche mikononi. Akasema, "Basi tukuage kwa heshima." Tukapata ghala la zamani la pamba pale ufukweni, bati tupu juu, mita chache tu kutoka kwenye miamba ya mama.

Kosa lilifanywa na Meneja wa Ukumbi, msimamizi wa ghala lile. Fundi alikuwa anaumwa mgongo, akamwachia yeye apange tarehe, na Meneja yule ni mtu wa Dodoma, mahali ambapo mwezi ni pambo tu. Akachagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa sababu watu wana mishahara. Tulipogundua, matangazo yalishabandikwa mpaka Kisesa. Ilikuwa giza. Giza nene, la dagaa wengi. Asubuhi ile ya kuagwa kwangu boti zilirudi zimezama hadi mdomoni, na ufukwe wote, mchanga kwa miamba, ukametameta.

Walikuja hata hivyo. Wavuvi hawakuwa wamelala, wanawake walikuwa na magamba mikononi, lakini walijaza ghala. Na mama akaja. Anakaribia miaka themanini sasa, bado anaanika, kidogo kidogo, kwenye mwamba wake ule ule. Akakaa mbele kwenye kigoda alichokibeba mwenyewe.

Tukafungua mlango. Niliunguruma juu na chini, mitambo ikakubali, na wakati wimbo unaisha nikasikia radi ambayo haikuwa ya kwetu. Watu wote wakainua vichwa. Mara mvua ikapiga bati kama malori ya kokoto.

Kwetu ufukweni, mvua ikishuka dagaa wakiwa nje, hakuna dagaa wa fulani. Kila mwenye mikono anakusanya kilicho mbele yake, hesabu baadaye. Ghala likatapika watu. Wavuvi, wanawake, Meneja wa Ukumbi akiwa na tai yake, Odhiambo akiwa na vijiti vya dramu mkononi. Bati lilikuwa linavuja, na Fundi Shabani akazima mitambo yote, kwa sababu umeme hauna utani, kisha naye akachechemea nje akivuta turubai. Nikabaki jukwaani na maiki iliyokufa.

Na mama alikuwa amekaa.

Nilidhani hajaelewa. Nikashuka nikamwinamia sikioni. "Mama, mvua! Dagaa wako!"

"Nasikia."

"Wako nje, mama. Leo wako nje kweli."

Akaniangalia vile alivyoniangalia nilipokuwa mdogo na kuchelewa kurudi na maji. "Koku," akasema, "mimi nimekuja kazini kwako. Kwani wimbo ni mmoja?"

Sijui nilirudije jukwaani. Sikuwa na gitaa, sikuwa na besi, sikuwa na spika. Bati lilikuwa linapiga dramu ya Odhiambo, kasi ile ile ya miguu miwili. Nikaweka mkono tumboni, nikalikumbuka dume la Mzee Masanja, na nikaimba wimbo wa pili. Nilishuka chini kuliko nilivyowahi kushuka. Mwamba, karai, asubuhi, mtoto wa mtu asiyetafuna mchanga. Nililia wakati huo huo, na niwaambieni vijana jambo la kikazi: machozi hayaharibu mngurumo, kamasi ndizo zinazoharibu. Mama hakugeuka mlangoni hata mara moja. Mikono yake ilikuwa mapajani, imetulia. Maji ya bati yalimdondokea begani, hakuyafuta.

Nilipomaliza, watu walikuwa wameanza kurudi, wamelowa chapachapa, wanacheka, wakibeba makarai kwa wawili wawili. Fundi Shabani akaweka turubai moja miguuni pa mama. Dagaa wake walikuwa humo, baadhi wamelowa, wengi salama.

Mama hakuwaangalia. "Ule wa kwanza," akaniambia, "sikuwahi kuuelewa."

"Ule hauna maneno, mama."

"Hauna? Na huu?"

"Huu unayo."

"Sikusikia hata moja," akasema. "Lakini nilijua ni mimi."

Ikabidi nimsomee kwa sauti ya kawaida, mstari kwa mstari, mbele ya wavuvi waliokuwa wanakamua mashati. Kwenye "hana mchanga, mama" alifunika uso kwa kitenge akacheka mpaka kigoda kikatikisika. Mvua ikapungua, Fundi akawasha mitambo, na tukapiga mpaka jua likazama. Mama alikaa mpaka wimbo wa mwisho. Sasa siwezi kumwondoa.

Mnaniuliza mstaafu wa kazi hii anafanya nini. Huamka mapema. Namsaidia mama kubeba karai juu ya mwamba, kwa sababu yeye hapandi tena bila kushikwa mkono. Tunamwaga, tunatandaza, tunakaa pembeni na chai yetu. Kunguru wakija kuiba, na wanakuja kila siku, mama haokoti jiwe kama zamani. Ananigusa goti tu.

"Koku, wafungulie mlango."

Nami naweka mkono tumboni na kuunguruma ule wa kwanza, usio na maneno, na kunguru wote wa ufukwe ule wanaruka hadi ng'ambo. Mama anawaangalia mpaka wapotee. Anajifunga kitenge vizuri, anaegemea jiwe, ananyoosha miguu.

"Haya," anasema. "Sasa ule wa pili."